Msondo: Bendi Iliyobadilishiwa Majina

Mwaka 1964 ulianza vibaya Dar es Salaam. Januari, wanajeshi wa Kambi ya Colito waliasi. Serikali ikawashuku viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ikawaweka wengi kizuizini na kuvivunja vyama vyao. Sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo chama hicho kikaanzisha bendi: NUTA Jazz.

Bendi za awali, kama Kilwa Jazz na Western Jazz, zilikuwa za watu waliokusanywa na asili zao. NUTA ilileta utaratibu mwingine. Mwanamuziki aliajiriwa, akapokea mshahara wa mwezi kama karani, na vyombo vikawa mali ya chama. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, kwani muziki sasa ulikuwa kazi ya kulea familia. Lakini bendi ikawajibika kuimba siasa ya mwajiri, na aliyehama aliliacha gitaa alilolizoea, akaondoka na sauti yake tu.

Ukumbini, siasa ilisogea pembeni. Wimbo ulianza taratibu, Muhidin Maalim Gurumo akisimulia kisa cha mapenzi au cha jirani, waitikiaji wakimpokea. Kisha likaja chemko: gitaa la solo la Saidi Mabera likizunguka palepale, tarumbeta na saksafoni zikijibizana, tumba zikiwanyanyua hata waliokuja kukaa tu. Huo ndio mtindo wa Msondo.

Baada ya chama tawala, CCM, kuzaliwa mwaka 1977, NUTA iligeuzwa JUWATA, na bendi ikafuata jina. Mwaka 1978 Gurumo na mwimbaji mwenzake Hassani Bitchuka wakahamia Mlimani Park, nayo ikiwa bendi ya shirika la umma, na mtindo wake Sikinde. Jiji likagawanyika kishabiki, Msondo na Sikinde, na ushindani huo ukazipa bendi zote mbili nyimbo bora ambazo hakuna agizo la chama ambalo lingeweza kuzitoa. Baadaye Gurumo alirudi nyumbani, Msondo.

Mwaka 1991 JUWATA nayo ikageuzwa OTTU, na jina la bendi likabadilika tena. Vyama vingi vya siasa vikaruhusiwa mwaka uliofuata, mashirika ya umma yakaanza kujiondoa kwenye muziki, na mshahara wa mwezi ukavipa nafasi viingilio vya mlangoni. Wanamuziki walipobaki na bendi mikononi mwao, waliiita kwa jina ambalo mashabiki walikuwa wakiliita miaka yote: Msondo Ngoma.