Ngeli ya Timu

Mwanafunzi wa programu anayejaribu kusoma fani yake kwa Kiswahili hukutana mapema na klasi, na akiulizia tafsiri hupewa moja kati ya tatu: darasa, tabaka au aina. La kwanza linampeleka kwenye madawati na ubao. La pili linamkumbusha matajiri na maskini. La tatu limeshapata kazi nyingine, kwa kuwa ndilo tunalotumia kutofautisha data, iwe nambari, matini au ndiyo-na-siyo. Mimi naleta la nne, ambalo kila aliyepita shule ya Kenya analijua na wengi wao hawakulipenda: ngeli.

Vitabu vya sarufi hulipa neno hilo asili ya Kihaya, kwa maana ya aina au namna. Lakini katika somo la Kiswahili ngeli imekuwa kitu kizito kuliko aina. Ni masharti. Nomino ikishaingia KI-VI haina hiari tena: kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika. Kila nomino ya ngeli hiyo, hata itakayobuniwa kesho, itafuata mkondo huohuo. Klasi ya programu hufanya kazi hivyo. Mwandishi hueleza mara moja sifa ambazo kila kitu cha namna fulani sharti kiwe nazo, na matendo ambayo kitu hicho kinaweza kuyafanya. Kisha huunda vitu vingi apendavyo kutokana na maelezo hayo. Darasa unaweza kutoka ukaenda nyumbani. Kutoka katika ngeli haiwezekani.

Dhana yenyewe ilizaliwa katika uigaji, yaani kuifanya kompyuta icheze mambo ya dunia ili tuone yangekwendaje. Miaka ya 1960, mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya kuigia shughuli zenye foleni na kusubiriana. Waliiita Simula, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta ngeli na vitu vyake kama tunavyovijua leo. Walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Wote wawili wakafariki mwaka 2002.

Sasa chukua kazi ambayo kijana yeyote wa Awendo au Ndhiwa mwenye kompyuta angeifurahia: kuiga ligi ya soka ya Kenya. Swali la kwanza ni timu ni nini, na jibu linalokuja haraka ni kwamba timu ni orodha ya wachezaji. Lugha nyingi za programu zitamruhusu kuandika hivyo, kwamba ngeli Timu inarithi ngeli Orodha, yaani inapata sifa na matendo yake yote, na mambo yataonekana kwenda vizuri kwa muda. Kisha vituko vinaanza. Orodha inajua kupinduliwa, mwisho ukawa mwanzo. Je, kuipindua Gor Mahia ni kufanya nini? Orodha inakubali jina moja liandikwe mara mbili. Orodha ina urefu, lakini urefu wa timu ni 11 walioko uwanjani, au pamoja na wa akiba, au wote waliosajiliwa? Tena orodha ikifutwa majina, kilichobaki ni utupu. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa kwa Luo Union na Luo Stars. Wachezaji wa mwaka ule walitundika daluga zamani, na klabu ipo.

Hapa sarufi yetu ina jambo la kumfundisha mwandishi wa programu. Timu iko I-ZI: timu imefika, timu zimefika. Wachezaji wako A-WA. Lugha imekwisha kuwatenga, kila mmoja na masharti yake. (Mashabiki husema pia “Gor wamefungwa”, na siwalaumu, siku ya kufungwa mtu huwaona wale kumi na mmoja, haoni klabu.) Kwa hiyo kipimo ni vitenzi viwili vidogo, NI na INA. Timu si orodha. Timu ina orodha, kama ilivyo na kocha, uwanja, alama na akiba ya fedha:

ngeli Timu
  sifa: jina, uwanja, kocha, kikosi, hazina
  matendo: sajili, achilia, panga_kikosi, safiri

Urithi una mahali pake, lakini ni pale ambapo NI inasimama bila kuyumba. SoNy Sugar ya Awendo ni timu ya kampuni, nayo kampuni ni kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilichoanzishwa mwaka 1979. Gor Mahia ni klabu ya wanachama. Zote mbili ni timu, kwa hiyo TimuYaKampuni na KlabuYaWanachama zinaweza kurithi ngeli Timu, kila moja ikaongeza lake, hasa kuhusu fedha zinatoka wapi. Neno urithi lenyewe linachechemea kidogo. Kwetu mali hurithiwa mwenyewe akishafariki, nayo hugawanywa. Katika programu ngeli mama haifi wala haipungukiwi na kitu, na kila mtoto hupata yote. Limeshazoeleka hata hivyo, tuliache. Dhana ndugu yake, ya tendo moja kutekelezwa kwa namna tofauti kulingana na kitu kilichoitwa, baadhi yetu huiita umbo-nyingi. Kwa jina hilo wasomaji wa Homa Bay watamkumbuka Gor mwenyewe, mganga wa Kanyamwa aliyeipa klabu jina, ambaye masimulizi yanasema alikuwa akijigeuza umbo apendavyo. Mahia ni miujiza kwa Dholuo.

Mabao hayakai katika Timu. Yanakaa katika ngeli Mechi, inayokutanisha timu mbili. Njia iliyozoeleka ni ile aliyoieleza M. J. Maher mwaka 1982: kila timu hupewa nguvu ya kushambulia na udhaifu wa kulinda, mwenyeji akaongezewa kidogo, na kutokana na hayo hupatikana wastani wa mabao yanayotarajiwa. Ukipata wastani wa 1.2, hesabu za Poisson zinasema timu hiyo itatoka bila bao katika mechi kama 30 kwa kila 100, itafunga moja katika 36, mawili katika 22, na matatu katika karibu 9. Kompyuta hurusha kete zake kwa uwiano huo, mechi baada ya mechi. Kwa ligi ya timu 18, zikikutana nyumbani na ugenini, ni mechi 306, na msimu mzima huisha kabla hujanyanyua kikombe cha chai.

Je, msimu huo unafanana na wa kweli? SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 SportPesa, mdhamini wa ligi, aliondoka baada ya mzozo wa leseni na serikali, na klabu nyingi zikabaki zikihangaikia nauli. Msimu wa 2019/20 haukuwa umefika mbali pale SoNy Sugar iliposhindwa kufika kwa mechi tatu. Kanuni ilikuwa wazi: ikaondolewa ligini, matokeo yake yakafutwa, na ligi ikaendelea na timu 17.

Jaribu kuiga hilo kwa Timu ambayo ni orodha ya wachezaji. Huwezi. Wachezaji wapo, nguvu ya kushambulia ipo, kete ziko tayari, na kompyuta itacheza mechi ambayo haikuchezwa. Ndiyo sababu hazina imo katika sifa na safiri imo katika matendo: kutoka Awendo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na hazina ikikauka tendo safiri hurudisha siyo. Mechi ikipokea siyo haihesabu mabao, inampa aliyefika ushindi wa mezani. Ligi nayo inahesabu utoro, na ukifika wa tatu inafuta. Kufuta huko kunahitaji kwamba Ligi iwe inahifadhi mechi zenyewe, si jumla ya alama tu. Aliyehifadhi jumla peke yake hatajua amtoe nani alama ngapi. Aliyehifadhi mechi ataondoa zinazoihusu SoNy Sugar na kulipanga jedwali upya, na msimu utashuka kutoka mechi 306 hadi 272.

Kanuni za mashindano pia ziwe na ngeli yake. Gor Mahia ilichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa sare mbili na Espérance ya Tunisia: 2-2 ugenini, 1-1 Nairobi, na mabao ya ugenini yakaamua. Anayeiandika kanuni ile ndani ya Mechi atajuta, kwani mechi ya Nairobi peke yake ilikuwa sare tu. Na anayeiandika ndani ya Timu atakuwa na kazi kubwa zaidi, maana kanuni hubadilika. UEFA waliifuta yao mwaka 2021. Ikikaa katika ngeli Shindano, unabadilisha mstari mmoja.

Wahadhiri wa programu katika Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya mjini Homa Bay wana mfano huu mlangoni pao. Wawape wanafunzi msimu wa 2019/20 wauige, pamoja na mwisho wake, kwani mnamo Aprili 2020 ligi ilikatizwa kwa sababu ya korona na Gor Mahia ikatangazwa bingwa mechi zikiwa zimebaki. Na wanapoandika mstari wa kwanza ubaoni, waandike ngeli.