Tuzo za utafiti wa kuchekesha: Kutoka harufu ya nyayo hadi vitambi vya mawaziri

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

JIBINI si kitu kigeni wilayani Lushoto. Ile ya Irente ni maarufu kwa wageni wanaopanda mlima kutoka Mombo, na huko Kwai serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilianzisha shamba la majaribio mwaka 1896 kwa imani kwamba baridi ya Usambara ingefaa mifugo na mazao ya Ulaya. Pengine ni wachache wanaofahamu kwamba jibini ndiyo iliyompatia tuzo ya kimataifa mtafiti aliyewahi kupambana na mbu hapa Tanzania, na tuzo yenyewe ni ya kuchekesha.

Hizo ni Tuzo za Ig Nobel, jina linalochezea Tuzo ya Nobel na neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kisicho na heshima. Zilianzishwa mwaka 1991 na Marc Abrahams wa Marekani, na kwa miaka mingi sherehe zake zilifanyika katika ukumbi wa Sanders, Chuo Kikuu cha Harvard. Hutolewa kwa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza, kisha afikiri. Wanaozikabidhi ni washindi wa Nobel halisi.

Mwaka 2006, tuzo ya biolojia ilikwenda kwa Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi. Walikuwa wamegundua kwamba mbu jike aina ya Anopheles gambiae, msambazaji mkuu wa malaria barani Afrika, hupenda kuuma miguu na nyayo kuliko sehemu nyingine za mwili. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu walibadili mahali pa kuuma. Knols akakumbuka jibini ya Limburger, ambayo kila aliyeinusa husema inanuka kama soksi za siku tatu. Sababu ipo: bakteria wanaoivisha jibini hiyo ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vya miguu. Ilipojaribiwa, mbu waliifuata.

Watu walicheka, na haki yao. Lakini mwaka 2010 Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya binadamu. Ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu katika kingine, mchanganyiko huo ulivuta mbu mara tatu hadi tano zaidi ya mtu. Katika kisiwa cha Rusinga, Kenya, mitego ya harufu inayotumia umeme wa jua ilisambazwa majumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa kaya zenye mitego. Umeme huo huo uliwasha taa na kuchaji simu.

Mkazi wa Kwai anaweza kuuliza yanamhusu nini, maana mbu wa malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda Usambara. Yanamhusu. Anayeishi kwenye baridi hana kinga kama ya mtu wa Korogwe, na milima hii imewahi kukumbwa na milipuko iliyowalaza watoto na watu wazima. Mkulima anayeteremka na kabichi hadi tambarare akalala huko anaweza kurudi na homa.

Wanasiasa nao hawakusahaulika. Mwaka 1995, Bunge la Taiwan lilipewa tuzo ya amani kwa kudhihirisha kwamba wanasiasa hufaidika zaidi wakipigana ngumi na mateke wenyewe kwa wenyewe kuliko kupigana vita na nchi nyingine. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Rais Alexander Lukashenko wa Belarus, kwa kupiga marufuku kupiga makofi hadharani. Polisi wake waliunganishwa katika tuzo hiyo kwa kumkamata mtu mwenye mkono mmoja kwa kosa hilo. Dodoma waheshimiwa hugonga meza, lakini kumbukumbu rasmi za Bunge huandika "Makofi", hivyo ushahidi ungepatikana kwa maandishi.

Mwaka 2021, Pavlo Blavatskyy alishinda tuzo ya uchumi. Alitumia kompyuta kukadiria unene wa mawaziri 299 wa nchi 15 zilizokuwa za Kisovieti kwa kutazama picha za nyuso zao, akaona kwamba baraza lenye mawaziri wanene huendana na nchi yenye rushwa nyingi. Mwandishi huyu hashauri mtu yeyote kuanza kupima vitambi vya viongozi wake kwa macho.

Kivutio kingine cha sherehe hizo ni msichana wa miaka minane. Mshindi akizidisha muda wa hotuba, humwendea na kurudia: "Tafadhali acha, nimechoka." Katika Bunge letu kazi hiyo hufanywa na kengele. Ya kwanza ni onyo na ya pili humaliza muda, ingawa wapo wanaoisikia ya pili ndipo wanakumbuka kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.