Utumikaji wa Mfumo Endeshi

Mabishano kuhusu Windows, macOS na Linux hayaishi, na karibu kila mara huzunguka sifa moja: upi ni rahisi. Waingereza husema 'user friendly', nasi tumeichukua sifa hiyo kama ilivyo, "rafiki kwa mtumiaji", kama tulivyoipata "rafiki kwa mazingira". Inaeleweka, imeenea, wala sarufi yake haina kasoro. Tatizo lake ni kwamba haipimiki. Ukiambiwa mfumo fulani ni rafiki, ama unakubali ama unabisha, basi. Naamini Kiswahili kina istilahi bora zaidi, utumikaji, na kwamba ikizoeleka, mabishano yenyewe yatabadilika sura.

Kwanza mfumo endeshi, ambao wengine huuita mfumo wa uendeshaji. Ni programu inayotangulia programu nyingine zote. Kompyuta ikiwashwa, ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipate zamu kwenye kichakataji, inayotunza mafaili diskini na kuifikisha kila herufi unayobonyeza mahali inapotakiwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo mtumiaji haioni. Anachokiona ni kiolesura: madirisha, menyu, vitufe, au katika mifumo ya zamani kioo cheusi kinachosubiri amri. Tukisema mfumo ni mwepesi au ni mgumu, mara nyingi tunahukumu kiolesura peke yake, na hapo tayari tumeacha nusu ya jambo.

Utumikaji umejengwa juu ya kitenzi tumia kikiwa katika kauli ya kutendeka. Maandishi husomeka, maji hunyweka, chombo hutumika. Nomino zake tunazijua: upatikanaji wa dawa, usomekaji wa maandishi. Ninachokipenda katika kauli hii ni kwamba inadai maelezo. Mtu akikuambia barabara inapitika, utamuuliza inapitika kwa pikipiki au kwa lori, na kama ni hata wakati wa masika. Mfumo endeshi nao, ukisemwa unatumika vizuri, unaita maswali ya namna hiyo: unatumika na nani, kwa kazi gani, wapi.

Maswali hayo matatu ndiyo kiini cha maana ya kitaalamu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, katika kiwango chake namba 9241-11 kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, halitaji urafiki hata kidogo. Linauliza watumiaji mahususi, wenye malengo mahususi, katika mazingira mahususi, wanaweza kuutumia mfumo kwa kiasi gani. Kisha linataja mambo matatu ya kupima. Hapa mfasiri wa Kiswahili hupata kazi ngumu, kwa maana mambo mawili ya kwanza sote tumezoea kuyaita ufanisi. Moja ni kufanikisha jambo: barua imechapwa, picha imetumwa, au haikutumwa. La pili ni gharama ya kulifanikisha, yaani muda, mibonyezo na jitihada. Mtu anaweza kumaliza kazi baada ya kuhangaika saa nzima. Amefaulu, lakini kwa gharama kubwa. Tukiyaita yote mawili ufanisi, tunakuwa tumeyafunika. Pendekezo langu ni kuita la kwanza ufaulu na la pili tija, neno ambalo watu wa uchumi wamelitumia miaka mingi kwa uwiano wa kinachopatikana na kinachotumika. La tatu, kuridhika, halina utata.

Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu uhandisi wa utumikaji, alikuwa ametaja pia vipimo viwili vinavyofaa sana kwa wanaolinganisha mifumo: wepesi wa kujifunza mara ya kwanza, na wepesi wa kukumbuka baada ya kuacha kwa muda. Tena alitaka makosa yahesabiwe: ni mangapi, ni mazito kiasi gani, na mtu anarudije alikokuwa. Vipimo hivi havisafiri pamoja. Mfumo unaojifunzika kwa siku moja unaweza kumchelewesha mtu huyohuyo miaka kumi baadaye.

Unix ndio mfano ulio wazi. Ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa wataalamu waliotaka kuchapa herufi chache iwezekanavyo. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Donald Norman aliandika katika jarida la Datamation makala kali dhidi ya kiolesura chake. Amri ya kuonyesha yaliyomo katika faili inaitwa cat, ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha mfululizo, na asiyeambiwa hawezi kubahatisha. Amri ya kufuta, rm, kwa kawaida haiulizi kama una hakika wala haina pipa la taka, faili limekwenda. Kwa mgeni, Unix ulishindwa katika kujifunzika na katika makosa. Lakini msimamizi wa seva aliyeizoea lugha hiyo hubadilisha majina ya mafaili elfu moja kwa mstari mmoja, kazi ambayo kwa kipanya ingemla siku nzima. Sifa ya "rafiki" haina nafasi ya kuyasema mambo haya mawili kwa pamoja. Utumikaji unayo.

Upande wa pili wa historia ni ule wa madirisha na kipanya. Douglas Engelbart alikionyesha kipanya hadharani mwaka 1968. Xerox wakajenga kompyuta ya Alto mwaka 1973, kisha Star mwaka 1981. Apple wakatoa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Star ndiyo iliyouza wazo la meza ya ofisi: karatasi, makabrasha, trei ya barua. Ofisi hiyo ilikuwa ya Marekani. Karani wa Dar es Salaam aliyezoea majalada ya kadibodi kwenye kabati la chuma aliweza kuitambua. Kijana aliyeanza na simu na hajawahi kufungua kabati la majalada haoni chochote cha kufananisha, anajifunza tu kwamba picha ile ya manjano hufunguka. Hata Macintosh yenyewe, iliyosifiwa kuliko zote, ilikuwa na jambo la kutisha: ili kuitoa disketi, uliiburuta hadi kwenye pipa la taka, mahali palepale pa kufutia kazi zako. Baadaye, katika Mac OS X, picha ya pipa ilianza kubadilika kuwa alama ya kutoa mara unapoburuta diski. Ni rekebisho dogo linaloonyesha kwamba wabunifu walikuja kuwatazama watu wakitumia.

Tofauti nyingine za leo kati ya Windows na macOS ni za aina hiyo, na nyingi zina sababu. Katika Mac, menyu ya programu hukaa juu kabisa ya kioo. Mwaka 1954 Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake. Ukingo wa kioo hukizuia kielekezi, kwa hiyo menyu iliyo ukingoni hufikiwa hata kwa mkono usio makini. Katika Windows menyu iko ndani ya dirisha lake, jambo linaloondoa shaka kuhusu menyu ni ya programu ipi. Tena katika Mac, kufunga dirisha kwa kawaida hakuizimi programu. Inaendelea kuwaka chinichini. Aliyetoka Windows hudhani ameizima, na siku kompyuta inapolemewa hajui aanzie wapi.

Hapo tunafika kwenye jambo linalopotosha ulinganisho kuliko yote, nalo ni mazoea. Jef Raskin, aliyeuanzisha mradi wa Macintosh ndani ya Apple mwaka 1979, aliandika mwaka 1994 kwamba kinachoitwa cha kueleweka papo hapo ni kile tu ambacho mtu amekwisha kukizoea. Alikumbusha filamu ya Star Trek ya mwaka 1986, ambamo mhandisi kutoka karne zijazo anapewa kipanya, anakishika kama maikrofoni na kuanza kuisemesha kompyuta. Hakuna kosa la akili pale. Hajawahi kukiona tu.

Windows 8 ililithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Windows 95 ilikuja Agosti 1995 na kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Miaka 17 baadaye, Oktoba 2012, Microsoft walikiondoa na kuleta kioo kizima cha vigae vikubwa, kwa kuwa walitaka mfumo mmoja utumike kwenye tableti na kwenye kompyuta za mezani. Kwa kidole vigae vile vilifaa. Kwa kipanya, mamilioni ya watu walijikuta hawajui hata kuizima kompyuta. Kitufe kilirudi katika Windows 8.1 mwaka 2013, na menyu yenyewe ikarudi katika Windows 10 mwaka 2015. Mfumo haukuwa mbovu. Mtumiaji, kazi na mazingira vilibadilishwa bila mtumiaji kuulizwa.

Linux, kernel (yaani kiini cha mfumo endeshi) aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, imebeba sifa ya ugumu tangu enzi za amri za kuchapa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, mfumo uliopewa jina la utu, na kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa yeyote aliyeomba popote duniani. Kuweka programu kwenye Ubuntu hufanyika kutoka hazina moja inayoaminika, wakati mtumiaji wa Windows kwa muda mrefu alilazimika kuzurura mtandaoni akipakua asichokijua. Kwa kipimo cha makosa mazito, Linux ilistahili alama za juu. Wenye maduka ya steshenari na saiba wanakumbuka virusi waliohama kutoka flashi hadi flashi, wakificha mafaili ya wateja na kuacha njia za mkato za uongo; flashi hiyohiyo ikichomekwa kwenye Linux, mafaili yalionekana yapo salama.

Hata hivyo mwenye steshenari habadilishi, na simlaumu. Mteja wake huleta wasifu ulioandikwa kwenye Microsoft Word, anataka urekebishwe, kisha anakwenda kuuchapisha duka jingine. Kwenye Ubuntu, programu ya ofisi iitwayo LibreOffice itaufungua, lakini fonti ikikosekana mistari inasogea na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Lengo lake ni barua ifanane kote, na mazingira yake ni kompyuta za mtaa mzima. Kwa maana ya ISO, Windows ina utumikaji mkubwa zaidi pale dukani, hata kama Ubuntu ingeshinda katika maabara.

Bando nalo ni sehemu ya mazingira. Mfumo unaopakua masasisho mazito bila kuuliza hauna utumikaji kwa mwanafunzi aliyenunua data ya wiki, hata menyu zake ziwe nzuri namna gani. Windows ina mpangilio wa kuiarifu kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo hupunguza upakuaji. Lakini umefichwa ndani, na anayeuhitaji zaidi ndiye asiyejua kuwa upo.

Na lugha? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nao wakatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office, na leo Android ina Mipangilio, Pakua na Ghairi. Bado wengi huiacha simu katika Kiingereza wakisema Kiswahili chake kigumu. Ghairi ni neno la kila siku kwa mtu wa Unguja anayeahirisha safari. Kwa kijana wa bara aliyejifunza simu kwa neno Cancel, ni geni. Wengine wamelichukua hilo kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kwenye kompyuta. Mimi naona mazoea yaleyale ya kitufe cha Start. Anayeamua kama Ghairi linafaa asiwe mtaalamu wa istilahi aliyeketi peke yake, wala anayejua tayari menyu za Kiingereza. Apewe simu mama anayesoma Kiswahili vizuri na ambaye hajawahi kumiliki simu janja, aambiwe aunganishe Wi-Fi na kuongeza ukubwa wa maandishi, yeye kwa Kiingereza na mwenzake kwa Kiswahili, na mtu akae kando aandike wamekwama wapi.