Upatanifu wa Kiufundi katika Ununuzi wa Programu za Nyaraka: Hoja kutoka Kariakoo na Katikati ya Dar es Salaam

Programu ya kusimamia nyaraka hununuliwa ili ipokee karatasi na mafaili ambayo tayari yapo, na ifanye kazi kwenye mashine ambazo tayari zipo. Upatanifu wake, yaani uwezo wa kukaa pamoja na vitu hivyo bila kuviharibu wala kukwamishwa navyo, haujulikani kwa kusoma kijitabu cha muuzaji. Hujulikana programu inapokutana na boksi la stakabadhi za duka la jumla la Mtaa wa Kongo, au na majalada ya wakala wa forodha mwenye ofisi karibu na Samora. Makala haya yanatetea utaratibu mmoja wa ukaguzi: mnunuzi aanze na nyaraka zake zilizo ngumu kuliko zote, na asitie saini kabla ya kuona namna nyaraka hizo zitakavyotoka ndani ya programu siku atakapoiacha. Katika manunuzi mengi utaratibu huwa kinyume. Muuzaji huleta nyaraka zake mwenyewe, safi na zilizonyooka, na maonyesho hufana.

Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili kwa sababu biashara yake huzalisha nyaraka za kila aina. Kontena moja la bidhaa kutoka Guangzhou au Yiwu huja na ankara ya awali, ankara kamili, orodha ya vifungashio na hati ya shehena. Likifika bandarini huongezewa tamko la forodha na stakabadhi za malipo. Mzigo ukiuzwa kwa wateja wa mikoani, Zambia au Kongo, hutoka risiti za mashine za kielektroniki za kodi, ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuzisimamia mwaka 2010 na ambazo kila mtu sokoni huziita risiti za EFD. Sehemu ya nyaraka hizi huingia kwa barua pepe na nyingine hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Zilizobaki hukunjwa mfukoni mwa dereva.

Risiti ya EFD peke yake ni mtihani tosha. Huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini yenye kemikali, na joto la duka lisilo na kiyoyozi huendelea kuifanyia kazi karatasi hiyo hata baada ya kuchapwa: maandishi hufifia, au karatasi yote huwa nyeusi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Risiti iliyosahaulika kwenye droo haifiki huko ikiwa bado inasomeka, kwa hiyo lazima inakiliwe mapema. Hapo ndipo upatanifu unapoanza kudai haki yake. Risiti ni nyembamba na hujikunja, wakati skana nyingi za ofisini zimetengenezwa kwa karatasi za A4 na huivuta risiti kombo. Risiti za sasa zina msimbo wa QR wa kuhakikia uhalali wake, na programu inayobana picha kupita kiasi, au kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, inaweza kuufanya msimbo huo usisomeke tena. Kinachobaki ni picha ya risiti isiyoweza kuthibitishwa. Mnunuzi makini huchukua risiti 20 zilizofifia na kuziingiza mwenyewe, kisha hujaribu kuusoma msimbo kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa.

Hesabu ya ukubwa wa mafaili nayo haikwepeki. Ukurasa wa A4 ukinakiliwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, ukurasa huo ni takribani megabaiti 26. Kwa nyeusi na nyeupe ni megabaiti 1 na kidogo. Tuchukulie ofisi inayonakili kurasa 200 kwa siku na kuzibana hadi kilobaiti 300 kila moja. Hizo ni megabaiti 60 kwa siku, au gigabaiti 18 kwa siku 300 za kazi. Kiasi hiki ni kidogo kwa diski ya leo, lakini si kidogo kwa kila hifadhidata. Programu za bei nafuu mara nyingi hutegemea SQL Server Express, ambayo katika matoleo ya 2008 R2 hadi 2022 haipokei zaidi ya gigabaiti 10 kwa hifadhidata moja. Programu inayoweka picha zenyewe ndani ya hifadhidata hiyo, badala ya kuziacha kwenye folda na kuhifadhi anwani zake tu, ingejaa kabla siku 170 za kazi hazijaisha. Swali la picha zinakaa wapi lina uzito kuliko mengi yanayoulizwa siku ya maonyesho.

Lugha ni eneo ambalo wauzaji hulipita haraka, na halistahili kupitwa haraka. Ankara ya Kariakoo inaweza kuwa na Kichina, Kiingereza na Kiswahili katika ukurasa mmoja. Faili lililoandikwa kwa usimbaji wa zamani wa Kichina, likifunguliwa na programu inayotarajia Unicode, huonyesha herufi zisizo na maana. Na hata usimbaji ukiwa sahihi, fonti ikikosekana huonekana visanduku vitupu. Usomaji wa maandishi kutoka kwenye picha nao hutegemea lugha iliyosakinishwa. Tesseract, programu huria iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980, ina data ya Kiswahili, lakini anayeisakinisha lazima aichague. Asipoichagua, maneno ya Kiswahili husomwa kwa mazoea ya Kiingereza.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye utafutaji. Injini nyingi za kutafuta zimefundishwa kukata miisho ya maneno, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyobadilika. Neno la Kiswahili hubadilika mbele na nyuma pia. Mhasibu anayeandika “lipa” anataka kuona “malipo”, “mlipaji”, “tumelipia” na hasa “hayajalipwa”, lakini faharasa inayolinganisha mwanzo wa neno haitampa hata moja kati ya hayo manne. “Mzigo” hautaleta “mizigo”, wala “jalada” halitaleta “majalada”. Tiba ipo: faharasa inayovunja maneno kuwa vipande vya herufi chache, ili “lip” ipatikane popote ilipo ndani ya neno. Programu nyingine huiruhusu kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu, nyingine haziruhusu kabisa, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kujaribu kwa maneno ya ofisi yenyewe. Programu isiyoweza kumpatia mwenye duka ankara ambazo hazijalipwa, kwa lugha anayoandikia, haijapatana naye hata kama imepatana na kompyuta yake.

Vivyo hivyo kwa namba za kumbukumbu. Masijala za Tanzania zimerithi na kuendeleza mtindo wa kutenganisha sehemu za namba kwa mkwaju: barua hubeba namba ya aina ya “Kumb. Na. AB.12/345/06”, ambapo kila sehemu humwambia karani jalada liko wapi. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala Linux haikubali. Karani mmoja ataweka kistari, wa pili atatumia nukta, wa tatu ataziunganisha tarakimu, na jalada moja litakuwa na majina matatu. Jawabu ni programu inayotunza namba ya kumbukumbu katika uga wake, nje ya jina la faili, na kuiacha ilivyo. Windows pia kwa kawaida huweka kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na folda zenye majina marefu ya Kiswahili, zikiwekwa moja ndani ya nyingine, hukifikia mapema kuliko inavyodhaniwa. Tarehe zinahitaji jicho lilelile: 03/04/2024 ni Aprili kwa karani wa Dar es Salaam na Machi kwa programu iliyoachwa na mpangilio wa Kimarekani, na kosa hilo halitoi onyo lolote.

Baada ya karatasi huja mashine. Ofisi nyingi za katikati ya jiji hutumia kompyuta zilizotumika nje ya nchi kabla ya kuuzwa hapa. Nyingi bado ni nzuri kwa kazi, lakini Windows 11 inadai kipande cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla vichakataji vya kizazi cha 8 na kuendelea, huku huduma ya kawaida ya Windows 10 ikiwa imekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu inayodai Windows 11 pekee, kwa hiyo, huuzwa pamoja na kompyuta mpya, hata kama ankara ya muuzaji haizitaji. Programu inayofunguliwa kwa kivinjari hupunguza mzigo huu, lakini haiuondoi, kwa sababu skana hubaki imeunganishwa na kompyuta ya karani. Kiwango cha TWAIN, kilichotolewa mwaka 1992, kiliwekwa ili programu yoyote izungumze na skana yoyote. Hata hivyo programu ya biti 64 haiwezi kupakia moja kwa moja kiendeshi cha TWAIN cha biti 32, na skana nyingi za zamani zina kiendeshi cha aina hiyo tu. Dakika 10 za majaribio na skana ya ofisi huonyesha hali halisi.

Umeme na mtandao vina upande wao wa upatanifu. Umeme ukikatika wakati programu inaandika kwenye hifadhidata, tofauti kati ya programu inayorudisha hali ya awali na ile inayoacha rekodi nusu ni tofauti ya usanifu. Betri ya akiba hupunguza hatari hiyo lakini haibadilishi usanifu. Kuhusu wingu, Mei 2024 ilitoa ushahidi wa wazi: tarehe 12, hitilafu za nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilidhoofisha vibaya intaneti ya Tanzania na majirani zake. Ofisi ambayo nyaraka zake zote ziko kwenye seva za ng’ambo, katika siku kama hizo, haina nyaraka. Kinyume chake nacho kina hatari. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021, na nakala rudufu iliyowekwa ghorofa moja juu ya duka hupatwa na moto uleule unaolipata duka. Kinachofaa ni programu inayofanya kazi kwa nakala ya ndani na kuipeleka nyingine mbali mtandao unaporuhusu, bila kuchanganya matoleo mawili ya waraka mmoja.

Sheria huingia katika upatanifu kwa njia ya vipengele vya kiufundi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na katika kupima uzito wake mahakama huangalia jinsi zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Programu isiyoandika nani aligusa waraka na lini humnyima mwenye nyaraka jawabu la maswali hayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, hivyo mahali ilipo seva ni swali la mkataba. Kuunganishwa na mifumo ya serikali kama ile ya forodha au ya ununuzi wa umma, NeST, ni jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa moyo mkunjufu. Mara nyingi muungano huo ni kupakua hati upande mmoja na kuipakia upande mwingine, na mnunuzi aombe aonyeshwe.

Linabaki suala la kutoka, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Leseni inaweza kwisha mwaka wa tatu, wakati kumbukumbu za kodi bado zinadaiwa hadi wa tano. Maumbizo salama yanajulikana: PDF, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, na hasa PDF/A, iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi kwa muda mrefu, ambayo hubeba fonti zake ndani na haitegemei kitu cha nje. Mafaili yenyewe hutoka kwa urahisi. Kinachokwama ni maelezo yanayoyafanya mafaili yawe nyaraka: namba ya kumbukumbu, tarehe, jina la mteja, nani aliidhinisha, hati ipi inaambatana na ipi. Kiwango cha CMIS, kilichopitishwa na OASIS mwaka 2010, kilitungwa ili mifumo ya nyaraka ipeane vitu hivi. Programu inayokifuata ina mlango wa wazi, na isiyokifuata inapaswa walau kutoa jedwali la CSV au XML linalotaja kila faili na maelezo yake.

Jaribio la kutoka hufanyika kabla ya malipo ya kwanza. Nyaraka 100 za mnunuzi, zikiwemo risiti zilizofifia, ankara za Kichina na barua zenye mikwaju, huingizwa, zipewe maelezo yake, kisha zitolewe zote kwa mkupuo na kufunguliwa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa programu hiyo. Karani wa masijala, bila msaada wa fundi wa muuzaji, huhesabu kama mafaili bado ni 100, hukagua herufi na tarehe, na hutafuta jalada moja kwa namba yake kama ilivyoandikwa kwenye barua. Muda uliotumika na gharama ya kuirudia kazi hiyo kwa nyaraka zote huandikwa kwenye mkataba, kwa shilingi, kabla ya saini.