Ufunguo wa Madhapar
Simulizi ya wikendi: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Baada ya mazishi ya mama, ndani ya sanduku lake la bati nilikuta vitu vitatu vya marehemu babu: mwiko wa uashi, barua ya Kigujarati iliyolowana ikafutika nusu, na ufunguo wa shaba. Barua ilitaja kijiji cha Madhapar, wilaya ya Kutch, magharibi mwa India. Nikafunga safari kutoka Mombasa. Jioni moja, kwenye kichochoro cha mitaa ya zamani, nikautia ufunguo kwenye kufuli la mlango nilioelekezwa. Kufuli likafunguka. Hapo hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili: "Usiingie!"

ENDELEA...

Nilikufa ganzi. Kiswahili, huku?

Nikageuka polepole. Alikuwa bibi kizee mfupi, amejifunga sari nyeupe, mkononi ana fimbo. Macho yake yalikuwa kwenye ufunguo, si kwangu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Ulimi haukupata neno jingine.

Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeonja chakula cha utotoni. "Marahaba," akajibu. "Miaka mingi hakuna mtu alinipa shikamoo. Wewe nani? Ufunguo alikupa nani?"

Nikamweleza. Babu yangu alikuwa mwashi, nyumba nyingi za mawe za Mombasa zilipita mikononi mwake, na mtaani kwetu Majengo alijulikana kwa jina la Fundi Mhindi. Bibi yangu alikuwa Mswahili wa hapo hapo Majengo. Mama yangu alikuwa mtoto wao wa pekee, naye tumemzika mwaka jana.

Niliposema "wa pekee", mkono wake wa fimbo ulitikisika. Akanyoosha ule mwingine, akautwaa ufunguo na kuusugua kwa kidole gumba.

"Funguo ziko mbili," akasema. "Hii moja."

"Na ya pili?"

Hakujibu. Akausukuma mlango kwa bega. "Ingia. Lakini mimi kwanza. Hii nyumba haipendi mgeni aingie peke yake."

Nilipoinua mkono kujifuta jasho, ndipo nikaona vidole vyangu vimepakaa mafuta. Mafuta mabichi ya kufuli. Nyumba ambayo kila niliyemwuliza njiani aliniambia imefungwa tangu tetemeko la 2001.

Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi na chokaa. Vyombo vya shaba vilipangwa kwenye rafu hadi darini, vikubwa chini, vidogo juu, kama watoto wa shule mstarini. Katikati ya chumba ilining'inia bembea ya mbao kwa minyororo minne. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa mpana unaopitisha kiganja, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Bibi aliona ninakotazama.

"Tarehe 26 Januari," akasema. "Sikukuu ya Jamhuri. Saa mbili na dakika arobaini na sita asubuhi. Nilikuwa nachambua mchele hapo nje. Mchele ulianza kucheza kwenye ungo kabla mimi sijahisi kitu."

Watu karibu 20,000 walikufa katika tetemeko lile, wengi wao huku Kutch. Bhuj, mji ulio kilomita chache kutoka hapa, uligeuka kifusi. Kule Anjar watoto wa shule waliokuwa kwenye gwaride la sikukuu waliangukiwa na nyumba pande zote za kichochoro. Leo majina ya waliokufa yamechongwa kwenye kilima cha Bhujio, penye makumbusho ya Smritivan. Nilipita pale asubuhi nikiwa kwenye tuktuk, sikujua kuwa muda si mrefu nami ningekuwa natafuta jina.

"Kaa," akasema, akinionyesha bembea. "Niite Ba. Hapa kila mama mzee ni Ba."

Nikakaa. Kila kitu mle ndani kilikuwa na vumbi. Bembea haikuwa nalo.

*

Nitasema kidogo juu ya kijiji, maana bila hayo hamtaelewa kilichofuata.

Madhapar ina pande mbili: Junavas, makazi ya zamani, na Navavas, makazi mapya. Wamistri, jamii ya wajenzi ambao mafundi wao walisambaa India nzima kujenga reli na madaraja, husimulia kuwa kijiji kilianzishwa na mmoja wao, Madha Kanji Solanki, katika karne ya 15, na jina limetokana naye. Wapatel wa ukoo wa Leva, wakulima waliogeuka waashi, walikuja baadaye. Kutch ni wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, lakini sensa ya 2011 ilikuta humo watu milioni 2 na kidogo tu. Ardhi ni kavu, mvua ina kiburi. Kulia kwako jangwa la chumvi, kushoto bahari. Mtu akishindwa na ardhi hufuata bahari.

Ba alinitajia njaa iliyowafukuza watu wengi wa kwanza. Wanaiita Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita.

"Ya 1956?" nikauliza.

"Samvat 1956. Kwa kalenda yenu, 1899 na 1900. Sisi tuko mbele yenu miaka hamsini na sita, wakati mwingine hamsini na saba."

Moyo ukanipiga. Barua ya babu ina tarehe. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Mombasa, aliyenisomea yale machache yasiyofutika, aliniambia imeandikwa mwaka 2028. Nilidhani amekosea, au babu alikuwa akipokea barua kutoka mwaka ambao haujafika.

"Mwaka 2028 ni upi, Ba?"

Akahesabu kwa vifundo vya vidole. "Inategemea mwezi."

"Magshar."

"Desemba," akasema taratibu. "Desemba 1971."

Akanyamaza. Nje, kengele ya hekalu ililia mara moja. Alipoanza tena, Kiswahili chake kilikuwa kimelainika, kama mlango uliotiwa mafuta.

"Mimi nilikulia Kisumu. Nilirudi huku 1968, Wahindi wengi walipokuwa wanaondoka Kenya. Nikaolewa hapa hapa. Miaka mitatu baadaye vita vikaja. Usiku wa tarehe 8 Desemba ndege za Pakistani zilipiga uwanja wa ndege wa Bhuj. Njia ya kurukia ikawa mashimo matupu. Ndege zetu zisingeweza kutua wala kuruka. Mkuu wa uwanja, Vijay Karnik, hakuwa na vibarua. Wanaume wetu wengi walikuwa wapi? Nairobi, Kisumu, London. Basi wakatufuata sisi."

"Wanawake?"

"Kama mia tatu. Wengi wa Madhapar. Watoto tuliwaachia majirani, tukapanda malori. Tulipewa sari za kijani kilichopauka, tufanane na majani. Na njia ya ndege tuliipaka kinyesi cha ng'ombe ili rubani akiwa juu aone ardhi tu. King'ora kikilia, unatupa karai, unakimbia, unaingia chini ya gando baval. Kikinyamaza unarudi kwenye zege."

Akatoka hadi mlangoni, akakata kijitawi cha kichaka kilichoota ukutani na kunionyesha. Mwiba mrefu, vijani vidogo vidogo. Nilikitambua papo hapo. Ni mathenge! Mti ule ule uliomeza malisho ya watu wa Baringo, mbuzi wao wakaoza meno. Huku ulipandwa kwenye nyika ya Banni kwa nia njema, kuzuia jangwa, na ukameza malisho vile vile. Lakini mwaka ule wa 1971 miiba yake ilificha wanawake wa kijiji kizima.

"Siku ya kwanza hatukula," Ba akaendelea. "Ya pili hekalu likatuletea matunda na vitamu. Saa sabini na mbili, mwanangu. Ya nne ndege ikaruka. Mimi nililia hadi nikakaa chini. Serikali ilipotoa rupia 50,000, tulisema zijenge ukumbi wa kijiji."

Nilitazama mikono yake. Kwenye kiganja cha kulia kulikuwa na baka la ngozi ngumu, limeng'aa kama sarafu. Nusu karne imepita na chokaa bado imemkaa.

*

"Ba," nikasema, "soma hii."

Nikaitoa barua. Nikamweleza kile mzee wa duka alichonisomea: *Mama, mtoto wako yuko salama.* Hicho tu. Nilidhani babu alimwandikia mama yake mzazi, kisha barua haikutumwa. Au mtu alimwandikia bibi yangu. Nilibeba maneno hayo matano kutoka Mombasa kama mtu abebaye yai.

Ba hakuichukua barua. Aliitazama tu mapajani mwangu, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Kwenu mama ni nani?" akauliza.

"Aliyenizaa."

"Kwetu mama ni ndugu wa kiume wa aliyekuzaa. Mjomba." Akapangusa macho kwa upindo wa sari. "Kwenu dada ni ndugu wa kike, kwetu dada ni babu. Nilipokuwa mtoto Kisumu tulikuwa tunacheka sana na ayah wetu kwa hayo."

"Kwa hiyo barua hii..."

"Ilikwenda kwa mjomba wa mtu. Mjomba aliyekuwa Mombasa." Akanyoosha kidole chenye mikunjo, akagusa mwandiko wa kwanza kabisa. "Nimeiandika mimi. Usiku niliorudi kutoka uwanjani, mikono ikiwa na malengelenge. Babu yako alikuwa Mama yangu. Mama yangu mzazi alikuwa dada yake."

Nikashuka kwenye bembea bila kujua. Nilikuja India bila ndugu, na mbele yangu sasa amekaa binamu wa mama yangu, damu moja, akinitazama kwa macho ya mama yangu yenyewe. Nikamshika magoti. Tulikaa hivyo kwa muda, hakuna aliyesema.

Kisha neno la pili la barua likanirudia.

"Ba. *Mtoto wako.* Mtoto gani?"

Hapo akasimama. Akaenda mlangoni na kumwita mvulana wa jirani kwa Kikutchi, maneno ya haraka. Nilishika neno moja tu: *barot*.

Barot ni mtunza koo. Mababu zake walikuwa wakizunguka vijiji, na yeye bado anazunguka, akiwa na kitabu wanachokiita *vahi*. Humo wameandikwa wanaume wa ukoo, kizazi baada ya kizazi. Wiki hii alikuwa Madhapar. Alikuja na kilemba, akavua viatu, akafungua kitambaa chekundu na kutoa kitabu kirefu chembamba, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai.

Wakati analainisha kurasa, Ba alinionyesha fremu ya mlango. Kulikuwa na tarakimu zilizofifia.

"Watu wa sensa waliandika 2010. Walihesabu nyumba. Mwaka uliofuata walirudi kuhesabu watu. Hapa hawakupata mtu. Kichochoro hiki kizima ni kufuli na namba. India ina vijiji zaidi ya 640,000, lakini sijui kama kuna kingine chenye watu wengi hivi wasiokuwepo. Fedha zao zipo, umeona benki pale barabarani, zaidi ya kumi. Wenyewe wako kwenu, wako London. 2027 watahesabu tena."

Barot akaanza kusoma. Haikuwa kusoma, ilikuwa nusu wimbo. Jina, mwana wa, mwana wa, mwana wa. Ba akawa ananitafsiria sikioni. Vizazi vilishuka hadi nikasikia jina la babu yangu, na mwili ukanisisimka. Barot akasogeza kidole mstari wa chini yake.

"Mwana mmoja," Ba akanong'ona. "Amezaliwa Mombasa. Samvat 2016."

Nikapiga hesabu kwa vifundo vya vidole, kama alivyonifundisha. 1960. Mama yangu alizaliwa 1962.

"Aliyemzaa?" nikauliza.

Barot akasoma maneno mawili. Ba alisita kabla ya kuyatafsiri. "Mwanamke wa ng'ambo."

Basi. Bibi yangu, aliyekuwa na jina, na kauli, na mkono wa mapishi ambao Majengo nzima waliusifu, ndiye hayo maneno mawili. Na nikamkumbuka kila Idi akitenga sahani moja zaidi pembeni, anaifunika kawa, haruhusu mtu kuigusa. Tulimwuliza ya nani. Hakujibu hata mara moja.

"Na mama yangu je? Yuko wapi humu?"

Barot alitikisa kichwa. Ba akainamisha chake. "Mabinti hawakuandikwa."

"Basi amwandike sasa."

Ba akamweleza. Barot alinitazama muda mrefu, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kalamu na kuifungua. Akauliza jina. Nilikuwa nimefungua mdomo kulitamka, Ba akanishika mkono.

"Subiri. Si mimi wala wewe wa kulisema jina hilo kwanza. Yule mtoto alikuwa na miaka minne meli ya Karanja ilipomshusha Bombay, mwaka 1964. Alikuwa analia kwa Kiswahili, anataka mdogo wake wa kike. Bibi yake akamlea katika chumba hiki, kwenye bembea hii. Mwanangu, una mama."

"Mama yangu amekufa, Ba."

"Sisemi huyo."

Ndipo nikakumbuka mafuta kwenye kufuli. Bembea isiyo na vumbi. Ufunguo wa pili.

Upande wa nyuma wa nyumba, gizani, ng'ambo ya ule ukuta wenye ufa, kitu cha chuma kiligusa chuma. Ufunguo ukazunguka mara moja. Mlango ukalia. Na sauti ya mzee mwanamume, nzito, isiyo na hakika ya maneno yake, ikaita kwa Kiswahili:

"Nani iko ndani?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO