Uwashaji wa Hiari: Mifumo Miwili Ndani ya Kompyuta Moja

Miongoni mwa istilahi zilizotujia pamoja na kompyuta, ziko zilizopokewa kwa wepesi zikakaa, kama faili na programu, na ziko ambazo kila azifasiriye huziacha nusu ya njia, kwa sababu ameitazama sura ya neno la kigeni asikitazame kitendo chenyewe. Katika hizi za pili imo ile ambayo Waingereza huiita dual boot, na ambayo aliyesoma ilmu ya kompyuta kwa Kifaransa katika vyuo vya Bukavu ataikuta kwa jina la double amorçage: kuweka mifumo miwili ya uendeshaji ndani ya kompyuta moja, kisha mwenyewe akachagua, kila aiwashapo, ni mfumo upi utakaoshika kazi. Ukiifasiri neno kwa neno utapata “uwashaji maradufu”, na msikilizaji atadhani kwamba kompyuta huwashwa mara mbili, au kwamba mifumo yote miwili huamka kwa pamoja, ilhali hakuna kati ya hayo mawili lililo kweli.

Ili jambo libainike, yafaa tuanze na mfumo wa uendeshaji wenyewe. Huu ndio programu kuu iliyo baina ya chombo na programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopokea kila herufi ipigwayo kwenye kibodi, unaoandika faili katika diski na kuipa printa kazi ya kuchapa. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mmoja; Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, ni mwingine, nayo Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, ni mojawapo ya sura nyingi za Linux. Kila mfumo umeundwa kwa kudhani kwamba chombo chote ni milki yake peke yake, na wazee wa pwani walikwisha sema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Basi anayetaka manahodha wawili hana budi kufuata moja ya njia mbili: ama kila mmoja ashike usukani katika safari yake, mwenziwe akiwa amelala, ama mmoja awe mkubwa na wa pili afanye kazi chini ya amri yake. Njia ya kwanza ndiyo tunayoitafutia jina. Ya pili tutaifikia.

Kompyuta iwashwapo, kumbukumbu yake ya kazi huwa tupu. Programu ndogo iliyotiwa kiwandani hukagua viungo vya mashine, kisha hutafuta katika diski mahali pa kuanzia. Katika mashine za zamani mahali hapo ni kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu, ambazo 446 ni za amri za kuanzishia na 64 ni za jedwali la vizigeu, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Na kwa kuwa jedwali hilo lilipewa nafasi nne, diski haikuweza kuwa na vizigeu vikuu zaidi ya vinne. Mashine za sasa, zifuatazo utaratibu wa UEFI, zimeondokana na dhiki hiyo: jedwali lao kwa kawaida lina nafasi 128, na kila mfumo huweka faili zake za kuanzishia katika folda yake, ndani ya kizigeu maalumu, pasipo haja ya kufuta za mwenziwe. Hapo ndipo iingiapo programu ya kipakiaji, ambayo kwa Linux aghalabu ni GRUB: huitandaza orodha ya mifumo juu ya kioo, huhesabu sekunde chache, kumi mathalan, na asipobonyeza mtu kitu, huupakia mfumo uliowekwa mbele. Tangu hapo mfumo uliochaguliwa ndio wenye hukumu, na ule mwingine si chochote ila faili zilizolala katika kizigeu chake, hata mashine izimwe na kuwashwa tena.

Tukisha kukiona kitendo, tulirudie jina. Wafaransa katika amorçage wameitazama fataki, ile itiwayo katika bunduki ili baruti iwake; na kitenzi chetu cha kuwasha, ambacho mafundi wamekizoea, kimekwisha kuibeba maana hiyo, wala hapana haja ya kukibadili. Panapohitaji fikira ni sifa iliyofuatana nacho. Ila ya “maradufu” tumekwisha kuiona. “Uwashaji wa zamu” ni bora, kwa kuwa zamu huonyesha kwamba mmoja hufanya kazi mwingine akipumzika. Lakini zamu ina mpango wake, huyu akitoka yule huingia, ilhali mwenye kompyuta aweza kuuwasha mfumo ule ule mwezi mzima asiuguse wa pili. Kitokeacho mbele ya ile orodha ni uteuzi, nao ni wa mtu. Kwa sababu hiyo napendekeza “uwashaji wa hiari”: hiari humwachia mtu kuchagua kimoja na kukiacha kingine, tena haihesabu, na mwenye mifumo mitatu hatahitaji istilahi nyingine.

Manufaa ya jambo hili huonekana vyema mahali kama Mudaka, kituo cha soko katika teritwari ya Kabare, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu. Tuchukulie kibanda cha birotiki, ambamo watu huandikiwa barua, hupigiwa fotokopi na kuchapiwa vyeti. Mwenye kibanda haachi Windows, kwa kuwa wateja wake huja na hati zilizoandikwa humo, na printa yake yamkini haina programu nyingine. Lakini mashine yake, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika, ina Windows 10, ambayo Microsoft iliikatia utunzaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, isiyokuwamo katika mashine nyingi kongwe. Aja mwalimu na flashi yenye maswali ya mtihani: “Fundi, fayili zangu zimepotea.” Zikifunguliwa katika Windows, huonekana alama za njia za mkato tu, na kuzibonyeza ni kuialika virusi. Fundi huiwasha mashine upya, huchagua Linux, nayo, kwa kuwa haizijali alama za kuficha zilizowekwa na virusi hiyo, humwonyesha folda ya mtihani ikiwa nzima kando ya takataka zilizoizunguka; fundi huihifadhi folda, huisafisha flashi, na mwalimu hurejea shuleni kwake.

Pamoja na hayo, uwashaji wa hiari una adabu zake, na asiyezijua hutaabika. Ya kwanza ni saa. Linux huiandika saa ya ndani ya mashine kwa wakati wa dunia, na Windows huisoma saa hiyo hiyo kana kwamba ni ya mahali ilipo. Na kwa kuwa Bukavu na viunga vyake viko mbele ya wakati wa dunia kwa saa mbili, atokaye katika Linux saa nne ya asubuhi huikuta Windows ikidai kuwa ni saa mbili, na risiti zikachapwa kwa wakati usio wake, mpaka Linux iamrishwe kuitunza saa kwa wakati wa mahali. Ya pili ni usingizi wa Windows: tangu toleo la 8, la mwaka 2012, Windows iliyo na uwashaji wa haraka haizimiki barabara, bali huacha sehemu ya hali yake katika diski, na Linux, kwa kuchelea kuharibu, hukataa kuandika katika kizigeu hicho. Ya tatu ni kibodi. Kongo yetu imerithi kibodi ya Kifaransa, ilhali GRUB, isipoelekezwa vinginevyo, huisoma kama ya Kimarekani, hata abonyezaye A akaandikiwa Q. Na kabla ya yote, apunguzaye kizigeu ili kupata nafasi ya mfumo wa pili aweke kwanza nakala ya faili zake mahali pengine, na ahakikishe kwamba betri imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mifumo yote miwili yaweza kupotea.

Njia ya pili, ile ya mmoja kuwa chini ya mwingine, imekwisha pata jina zuri la “mashine pepe”, kwa kuazima sifa ile ile iliyomo katika barua pepe. Asili yake ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani: IBM iliitoa VM/370 mwaka 1972 ili mashine moja kubwa ionekane kwa kila mtumiaji kama mashine yake, na VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007, imeleta jambo hilo hilo katika kompyuta ndogo. Hapa mifumo miwili huwa macho kwa wakati mmoja, na mtu huhama kutoka mmoja hadi mwingine bila kuzima kitu. Lakini yote miwili hula kumbukumbu moja, na mashine yenye gigabaiti 4 huelemewa upesi.

Kiswahili hakikosi uwezo wa kuyabeba haya. Mwaka 2004 mradi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kazi kama hiyo humlazimisha mfasiri kuuliza kila neno latenda nini. Tukiuliza hivyo hapa, majina mawili hujitenga yenyewe, na kila moja humpa fundi swali lake: aagizaye uwashaji wa hiari aulizwe kwanza diski yake ina nafasi kiasi gani, na aagizaye mashine pepe aulizwe ukubwa wa kumbukumbu.