Ukuta mbele ya vipofu

Mtu asiyeona hajui rangi ya jirani yake. Anamjua kwa sauti, kwa mwendo, kwa mkono. Hata hivyo palikuwa na masomo ya vipofu ambamo watoto walitengwa kwa rangi ya ngozi.

Huko Amerika, katika jimbo la Florida, kuna mji uitwao St. Augustine, kwa jina la Askofu Mwafrika wa Hippo, yeye ambaye Kanuni yake inafuatwa na Mapadri Waasumpsio, waliofika kwetu Beni na Butembo tangu 1929. Ndimo yalimofunguliwa masomo ya vipofu na viziwi mwaka 1885. Vipofu Weusi walikuwa na nyumba zao na madarasa yao, Weupe vilevile upande wao. Mwimbaji Ray Charles alikaa mle tangu 1937 hata 1945, akajifunza kusoma muziki kwa vidole, katika maandiko ya nukta sita ya Louis Braille. Nukta hazina rangi, lakini mlango ulikuwa nayo! Nani aliyemwonyesha mtoto kipofu kwamba yeye ni Mweusi? Wenye kuona. Mwaka 1954 mahakama kuu ilikataza mtengano katika masomo ya serikali. Kusini walikawia, na St. Augustine walingoja mpaka miaka ya 1960.

Tusiwacheke. Wakati wa Wabelgiji, watoto wa Wazungu wa mashamba ya kahawa na wa machimbo ya M.G.L. pale Butembo walikuwa na masomo yao na programu yao. Babu zetu walikuwa na ya kwao. Masomo ya misioni nayo yalishika utaratibu huo, tusifiche. Karibu na 1950 mlango ulifunguliwa kidogo: machotara kwanza, kisha Weusi wachache, baada ya kuchunguza desturi za nyumbani kwao. Lovanium, mwaka 1954, ilipokea wote tangu mwanzo.

Utaratibu ule ulikwisha, lakini kipofu wa kwetu alikuwa na ukuta mwingine, usioandikwa katika sheria yoyote. Kando ya mito ya Beni kuna kainzi keusi kanakoeneza ugonjwa wa kuharibu macho. Mzee huenda akishika fimbo, mjukuu mbele akishika ncha yake. Tumekutana nao njiani, saa ya masomo. Tulimwuliza mtoto yuko darasa gani. Kabla ya kujibu, alimtazama babu yake.